Jino la Mtangulizi

Pedeli hakuwa mtu wa kunyamaza. Alikuwa mwongoza watalii wa baiskeli, na kwake kuongea kulikuwa sehemu ya safari kama vile matuta na vumbi. Angekueleza mti huu, jiwe lile, nani alifia wapi na kwa upumbavu gani, na yote hayo huku akipanda mlima bila kuhema, mpaka ukajiuliza huyu bwana anavuta pumzi kwa tundu lipi.

Asubuhi hiyo alikuwa kimya kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa gego la chini, upande wa kulia, lililoanza kumpwita tangu juzi na ambalo alikuwa akilitibu kwa kulipuuza. Ya pili iliingia bandani alipokuwa ameinama anatia mnyororo mafuta, ikiwa imevaa kaptura ya kubana na miwani ya jua. Alikuwa mtalaka wake.

"Pedeli," mama yule alisema, akimkagua juu hadi chini. "Habari za siku?"

"Unafanya nini hapa?"

"Nimekuja kuendesha baiskeli. Si ndicho mnachouza?"

"Ulijua ni mimi ninayeongoza?"

"Tangazo lina picha yako. Umeingiza tumbo ndani mpaka shingo imepotea."

Nyuma yake akaingia mwanamume mnene, mpole wa uso, amevaa helmeti nyuma mbele. Huyo alikuwa daktari wa meno, mume wa sasa. Pedeli alikuwa amemchukia kwa muda mrefu bila kumwona, na kilichomuudhi zaidi ni kukuta mtu mwenyewe ana sura ambayo ungeipa mtoto wako ikushikie ukaenda zako sokoni.

"Ni mimi niliyeichagua safari hii," daktari alisema, akimpa mkono. "Mwenzangu alitaka ufukweni. Nikasema hapana, nataka kumwona mtu aliyeishi naye miaka yote ile akatoka mzima. Sasa sijui nikuiteje. Shemeji haifai. Kaka ni uongo."

"Mwite mtangulizi," sauti ikasema kutoka mlangoni.

Mwenye sauti alikuwa jaji mstaafu, mama mkavu kama spoku, mteja wa tatu na wa mwisho. Alikuja peke yake kwa sababu, kama alivyoeleza mwenyewe, rafiki zake wote ama wamekufa ama wamenenepa.

"Mtangulizi!" daktari akafurahi. "Ahsante, Mheshimiwa. Linafaa kabisa."

Pedeli akaigeuza helmeti ya daktari ikae sawa, akaubana mkanda zaidi kidogo kuliko ilivyohitajika.

Walipoachana, yeye na mtalaka wake, kila mmoja alikuwa na lalamiko moja tu, na waliyatoa mbele ya wazazi wa pande zote mbili. Lake lilikuwa: huyu mwanamke hanisikilizi. La mwenzake lilikuwa: huyu mwanamume hanyamazi. Wazazi wakatazamana, wakaona hapo hakuna cha kusuluhisha, wakaomba chai.

Safari ilianza vizuri. Njia ilipita kati ya mashamba, ikavuka reli ya zamani isiyopita treni, ikaingia kwenye vilima vidogo vya kujifunzia. Daktari aliendesha kama mtu aliyekalia sinia la mayai. Kila penye mteremko alisema "Oooh," na kila penye kupanda alishuka akasukuma. Pedeli alimtazama, na wazo baya likamjia likiwa zima, halihitaji hata kupikwa.

Kwenye njia panda kibao kilionyesha kushoto: bondeni, daraja, kijiji cha kale. Ndiyo njia ya ratiba, tambarare, yenye kivuli. Kulia hakukuwa na kibao, kwa sababu hakuna mwenye akili aliyekuwa akienda huko kwa hiari. Ilikuwa njia ya msituni ya kupanda mlima ambao waongozaji wenyewe waliuita Kiungulia.

"Tunapita kulia," Pedeli alisema.

"Ratiba inasema kushoto," alisema Jaji.

"Daraja limekatika."

"Lini?"

"Majuzi."

"Majuzi ipi? Nani alikwambia? Ulikwenda ukaliona?"

"Mheshimiwa, hapa hatuko mahakamani."

"Nimeona," Jaji akajibu, akakunja kulia. "Ungekuwa umeshafungwa."

Kiungulia kilistahili jina lake. Mizizi ilitanda njiani kama mishipa ya mkono wa mzee, ardhi ilikuwa na unyevu, na miti ilifunga juu hata mchana ukawa wa kijani. Pedeli alitangulia kwa mbwembwe, amesimama juu ya pedeli zake, akingoja kusikia nyuma yake mtu mnene akilia. Alichosikia ni mluzi. Daktari alikuwa ameshashuka, anaisukuma baiskeli kama mtu anayempeleka ng'ombe kunywa maji, akisimama kila mara kutazama uyoga.

"Daktari! Gia ndogo! Panda, usiogope!"

"Siogopi, Mtangulizi. Sitaki tu."

Pedeli hakuwa amejiandaa kwa hilo. Mtu anayeona haya unaweza kumwaibisha. Huyu haya hakuwa nazo, alizaliwa bila. Mara mtalaka wake akampita upande wa kushoto, polepole, gia ya chini kabisa, mdomo umefungwa, macho mbele. Hakumtazama hata kidogo. Gego likapwita.

Karibu na kilele palikuwa na chemchemi inayotoka kwenye mwamba, maji baridi ya kukata vidole. Pedeli alifika, akaitupa baiskeli, na kwa kuwa watu walikuwa wanatazama, hakunywa kwa kiganja kama binadamu. Aliweka mdomo wote chini ya maji akakinga.

Kelele aliyoitoa iliwaondoa ndege wote upande ule wa mlima. Alianguka kitako kwenye matope, ameshika shavu kwa mikono miwili.

"Hiyo," alisema Jaji, "ni sauti ya mtu mwenye hatia."

Daktari aliacha uyoga wake. Alikuja akapiga goti kwenye matope, na ghafla hakuwa tena yule mtu wa sinia la mayai. Sauti yake ilikuwa imetulia.

"Fungua mdomo."

"Hakuna kitu. Ni baridi tu."

"Fungua."

"Sifungui."

"Jamani," alisema mtalaka wake, akiegemea baiskeli. "Miaka yote ile nilikuomba uufunge. Leo unaombwa uufungue, unakataa?"

Akaufungua. Daktari akachungulia kwa tochi ya baiskeli, akaguna kama fundi aliyefungua injini akakuta panya.

"Hili limeoza mpaka chini, na limetunga usaha. Likikaa hadi kesho uso utakuwa kama boga. Vifaa ninavyo kwenye begi."

"Unaenda kwenye baiskeli na koleo la meno?"

"Mtangulizi, nikienda harusini watu wananifunulia midomo. Nikienda msibani, vilevile. Nimeshakata tamaa, natembea nalo." Akasimama. "Ila nataka mwanga mzuri na kiti kirefu cha kuegemeza kichwa. Hiki kijiji chenu cha kale kiko mbali?"

Kilikuwa chini tu ya mteremko. Waliteleza polepole, Pedeli akishika usukani kwa mkono mmoja na shavu kwa mwingine, akihesabu kila jiwe kwa jino. Kijiji kilikuwa kuta za mawe na vichochoro vya kupita mtu na mbuzi wake, na katikati jumba la mtawala wa zamani, sasa makumbusho. Uani, chini ya paa la vigae, ndani ya kamba nyekundu, kilisimama kiti chake cha enzi: kirefu, kizito, chenye egemeo la kichwa lililochongwa simba.

"Kile pale," alisema daktari.

"Hakikaliwi!" Mtunza makumbusho alikuja mbio, mama mwenye funguo kiunoni. "Mna wazimu? Kile ni cha mtawala! Hata mawaziri wakija hawakalii!"

Daktari alimsikiliza kwa heshima, huku akimtazama mdomoni.

"Dada, hilo la juu kushoto, linakusumbua tangu lini?"

Mtunza makumbusho akaziachia funguo zake. Akajishika taya. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akaiinua ile kamba.

Pedeli alikalishwa. Mtalaka wake akasimama nyuma ya kiti akamshika kichwa kwa mikono miwili, kwa nguvu, na inawezekana alikuwa akifurahi. Daktari akavuta dawa ya ganzi kwenye sindano.

"Una neno lolote kabla sijaanza?"

Pedeli aliitazama ile sindano.

"Daraja," alisema, "halijakatika."

"Tunajua," alisema Jaji. "Tuliliona tukiwa juu. Linapendeza sana."

Ganzi ikaingia. Wakati huohuo basi la wageni likashusha abiria langoni, wakajaa uani na kofia zao na simu zao. Walichokiona ni mtu ameketi kwenye kiti cha enzi ameshikwa kichwa, na mnene mmoja ana koleo. Wakajipanga kimya nusu duara. Daktari akapinda mkono kidogo, akatikisa, akavuta, na gego likatoka zima na mizizi yake miwili. Akaliinua juu kwenye mwanga.

Uwanja mzima ukapiga makofi.

"Walivyokuwa wanateseka watu wa kale!" mwanamke mmoja alisema, akifuta machozi. "Na huyu anavyoigiza vizuri! Onyesho jingine ni saa ngapi?"

Pedeli alijaribu kueleza. Kilichotoka ni mate na neno moja linalofanana na "mbuzi." Mdomo wake wa chini ulikuwa umelala kama godoro. Daktari akamsokomeza pamba, akamwambia aing'ate nusu saa asiseme hata kidogo, kisha akamkalisha mtunza makumbusho kwenye kiti cha enzi na kuanza kuchungulia.

Sasa Jaji akataka historia yake. Alikuwa ameilipia. Wageni wa basi nao wakasogea. Pedeli akafungua mikono, hana la kufanya.

"Sawa," alisema mtalaka wake. Akapanda ngazi ya jumba, akaweka mguu mmoja juu ya jiwe, mkono kiunoni, kidevu juu. Pedeli akashtuka. Ulikuwa ule mkao wake mwenyewe.

"Wapendwa," akaanza, "mbele yenu ni jumba la mtu aliyekuwa na majeshi mawili na wakwe wanane, na aliyeogopa hao wa pili." Watu wakacheka. Akangoja wamalize, mahali hasahasa ambapo Pedeli huwa anangoja. Akaeleza mnara, kwamba ulijengwa kuwaona maadui lakini dirisha lake linatazama bafu la jirani. Akaeleza kisima, ukuta, mlango mfupi unaomlazimisha kila mgeni ainame. Vichekesho vyote vilikuwemo, hata kile cha punda ambacho Pedeli alikuwa akikifanyia mazoezi bafuni asubuhi, mlango umefungwa, maji yanamwagika. Kwenye vita vya mwisho akapunguza sauti kama yeye, hadi uani pakawa kimya.

"Hapa," akaongeza, "mwongozaji wetu hupenda kusema mtawala alikufa akiwa ameshika upanga. Alikufa kwa kuhara. Lakini na upanga ulikuwepo karibu."

Pedeli alikaa kwenye ukingo wa kisima. Shavu halikuwa na hisia, lakini sehemu nyingine ilikuwa nazo. Hakuwahi kumwambia maneno yale hata mara moja. Alikuwa akiyasema tu, nyumbani, hewani, akidhani hakuna mtu anayesikiliza.

Baadaye wageni walikwenda kununua shanga, na Jaji akaenda kupima kama dirisha kweli linatazama bafu. Mtalaka wake akaja akakaa pembeni yake kisimani, akavua viatu.

"Usiniangalie hivyo," alisema. "Nyumba ilikuwa ndogo."

Pedeli akasogeza pamba kwa ulimi. "Kazhi yako," alisema. "Ni ya nini hasha?"

Alijua ni idara ya maji. Miaka yote ile, hapo ndipo alipoishia kujua.

Mama yule alimtazama kwanza kuona kama ni utani. Kisha akamweleza. Kazi yake ni kutafuta mabomba yanayovuja chini ya ardhi. Anatembea barabarani na fimbo ya chuma, anaisimamisha chini, anaweka sikio. Bomba zima linanguruma. Linalovuja linapiga mluzi mwembamba, na mahali penye kelele za magari unatakiwa ujifunze kuzitoa kelele moja moja mpaka ubaki na mluzi tu. Akamweleza mtaa mmoja ambao wachimbaji walichimba mara tatu kwingine wakimbishia, na mara ya nne wakachimba alipoonyesha. Akaeleza mengi. Pedeli hakuwahi kumwona akiongea kwa mfululizo kiasi kile.

Nusu saa ilikwisha zamani. Mdomo ulianza kumrudia, kwanza kidevu, kisha pembe za midomo, na akahisi anaweza sasa kutamka vizuri. Pamba haikuwa na kazi tena. Akaendelea kuing'ata.