Kitambaa Chenye Mhuri

Jina la binti huyu silisemi. Limetuponza vya kutosha, na mwenye kosa si yeye. Wenzake darasani walimwita Sindano, kwa sababu siku zote alikuwa na sindano aliyoichomeka kwenye ukosi wa shati la sare, uzi ukining'inia. Mwalimu wa zamu alimkanya mara nyingi kwamba ipo siku atajichoma shingo. Hakujichoma. Aliyekuja kumchoma ni mimi.

Mimi nafundisha sanaa. Kwa shule yetu hilo ni somo la kuombea radhi. Ukipishana koridoni na mwalimu wa hesabu, yeye kakumbatia karatasi za majaribio na wewe umebeba ndoo ya rangi, anakuangalia kama mtu aliyekuja kuziba bomba. Miaka kumi nilimwomba mkuu wa shule aruhusu wanafunzi wangu wafanye sanaa kwenye mtihani wa taifa. Mkuu huyo, ambaye wanafunzi walimbatiza Ratiba kwa kuwa hata chafya yake ilikuwa na saa yake, alikataa miaka yote kumi. Mwaka wa kumi na moja akakubali shingo upande. Nikapata watahiniwa saba, nikajiona nimeukata.

Mtihani wa sanaa una sehemu mbili. Kuna karatasi ya kuandika, na kuna kazi ya vitendo inayobeba nusu ya alama. Kwa ajili ya kazi hiyo kila mtahiniwa hupewa kitambaa kimoja chenye mhuri wa watu wa mitihani pembeni, na wiki sita za kukifanyia kazi hapo hapo shuleni mbele ya mwalimu wake. Ukikiharibu, hupewi kingine.

Sindano hakuwa mtoto wa vitabu. Hesabu zilimpiga chenga tangu utotoni, na fizikia alikuwa ameshaipungia mkono. Lakini kulikuwa na chuo kimoja cha ubunifu wa mavazi kilichopokea wasichana kwa alama ya juu ya sanaa, hayo mengine hakikuyajali. Mlango wake ulikuwa huo tu. Alijua yeye, nilijua mimi, na alijua mama yake.

Mama yake ni fundi cherehani. Hukaa chini ya ngazi za jengo lenye duka la dawa, cherehani yake imeelekea barabarani ili mwanga usimpite. Hakwenda shule. Namba anazijua, maana viuno na mabega ya watu huandikwa kwa namba, lakini herufi hazikuwahi kumhusu. Sindano alipoamua kazi yake iwe ni sura ya mama akiwa cherehanini, mama alifunga kazi Jumamosi tano mfululizo akaja kukaa kwenye stuli ya chumba changu, ameinama juu ya meza tupu, anashona hewa. Wavulana walipomcheka alicheka nao, akawaambia nguo hiyo ya hewa ndiyo watakayolipwa kama mshahara wao wa kwanza.

Kabla hawajaanza, niliwapa somo moja ambalo halimo kwenye mtaala wowote. Niliwasimulia jinsi nilivyochora picha ya ukutani nikiwa mwanafunzi, ikakaa miaka, na hadi inapakwa chokaa hakuna aliyejua ni ya nani. Nikawaambia kazi isiyo na jina ni yatima, atakayeiokota ataiita yake. Tieni majina yenu, nikasema, na myatie yaonekane. Niliongea kwa hasira, na hasira ndiyo iliyowaingia.

Sita walitia sahihi pembeni, kwa rangi. Sindano alilichukua somo zima zima kama kawaida yake. Alikata masalia ya vitambaa vya mama yake, akayapanga yakawa uso, gauni, mikono, gurudumu la cherehani. Kisha akayashona kwa mkono, na kila mstari wa uzi aliopitisha haukuwa mstari. Ulikuwa jina lake, kwa herufi ndogo zilizoshikana, likirudiwa na kurudiwa. Mikunjo ya macho ilikuwa jina lake. Mishipa ya mikono ilikuwa jina lake. Ukikaa mbali ulimwona mwanamke anashona. Ukisogea ulimwona mwanawe kila mahali, na hilo jina ndilo lililoshikilia vile vipande visidondoke.

Jumamosi ya pili mama aliuliza hayo madoido yanayojirudia ni ya nini. Sindano akamshika kidole, akampitisha herufi moja moja. Kufikia Jumamosi ya nne mama aliweza kulitambua jina la mwanawe popote, hata likiwa limepinduka. Hilo ndilo neno la kwanza alilosoma maishani, na alikuwa na miaka arobaini na mitano.

Sasa nije kwenye waraka uliotuponza. Wiki ya tatu karani aliniletea bahasha kutoka kwa watu wa mitihani, akataka nitie sahihi kwenye daftari la barua kwamba nimeipokea. Nilikuwa nimezama kwenye mpango wa Siku ya Sanaa, nagombana na mtu wa viti na mtu wa spika kwa wakati mmoja. Sikuona kalamu yangu, Sindano akanipa yake. Nikasaini, nikaitia bahasha kwenye droo bila kuifungua, na juu yake nikaweka ratiba ya sherehe. Nilijiambia nitaisoma kesho. Kesho yangu mnaijua.

Siku ya Sanaa ilikuwa Alhamisi ya wiki ya sita. Sitaki kuieleza sana kwa sababu ilipendeza. Kwaya iliimba, kidato cha pili waliigiza, na ukuta wote wa kushoto wa ukumbi ulikuwa wetu. Niliyasoma majina ya watahiniwa wangu saba kwenye maikrofoni, moja moja, kwa madaha. Mama yake Sindano alikuja na gauni aliloliweka kwa ajili ya harusi ambayo bado haijatokea. Alisimama mbele ya ile kazi saa nzima, na kila mzazi aliyepita alimwita, akamwonyesha kwa kidole. "Hapa pameandikwa mwanangu," alisema. "Na hapa. Na hapa pia." Hata Ratiba alisimama pale dakika tatu ambazo hazikuwa kwenye ratiba yake.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Yangu hayakungoja ukoo, yalifika kesho yake saa mbili asubuhi. Ijumaa tulikuwa tunaondoa mapambo ukumbini, maana mitihani ya kuandika ilianza Jumatatu na kuta za ukumbi wa mtihani lazima ziwe tupu. Msimamizi wa mitihani alikuwa aje saa kumi jioni kuchukua kazi za vitendo. Nilifungua droo kutafuta mkasi, nikaikuta bahasha, nikaifungua. Kipengele cha nne kilisema kazi yoyote yenye jina la mtahiniwa, kwa namna yoyote, itafutwa, na mtahiniwa atahesabiwa hakufanya somo. Inayoruhusiwa ni namba ya mtahiniwa tu, tena nyuma ya kitambaa.

Nilikaa chini. Waliokosea kwa ajili yangu walikuwa nje wanacheka.

Wale sita niliwaambia, wakamaliza kufunika majina yao saa tatu. Rangi juu ya rangi, basi. Mimi nilikuwa ofisini kwa mkuu, namwomba apige simu. Alipiga mbele yangu, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akibembeleza mtu. Jibu lilikuwa fupi: jina moja au majina elfu, adhabu ni moja, na kitambaa kingine hakitolewi. Ratiba aliweka simu chini. Alikuwa na daftari la kupokelea barua mezani, sahihi yangu imo humo pamoja na tarehe, na najua aliiona. Hakunigombeza. Ningeshukuru kama angenigombeza.

Nikaenda kumwambia Sindano. Alinisikiliza hadi mwisho, akaitazama kazi yake.

"Nikiyatoa yote, mwalimu, itabaki nini?"

Nikamtuma mwanafunzi mmoja akamwite mama yake.

Mama alifika saa nne, na pakiti ya nyembe mkononi, maana aliyetumwa alikuwa ameshamweleza kwamba kuna mshono wa kufumua. Fundi hafumui kwa mkasi. Alinawa mikono kwenye sinki langu la brashi, akaketi, akaivuta kazi mbele yake. Halafu akaniuliza, bila ukali wowote, kama mteja anayeuliza nguo yake itakuwa tayari lini.

"Sheria hii imetoka lini, mwalimu?"

"Imefika leo asubuhi," nikasema.

Sindano alikuwa amesimama nyuma ya mama yake. Kalamu niliyosainia ile bahasha ilikuwa yake. Alinitazama usoni, akainamisha macho, akachukua wembe. Hakusema kitu wakati ule wala baadaye. Nimefundisha watoto wengi heshima, lakini sijawahi kupewa heshima iliyoniumiza kiasi kile.

Walifumua. Mama alikuwa na utaratibu wake: anaweka kidole cha kushoto juu ya jina, analipitia herufi zote hadi mwisho, kisha ndipo anapitisha wembe. Mwanzoni nilidhani anapima mshono. Baadaye nikaelewa kwamba analisoma kila moja kabla hajalikata. Sindano alimwambia afanye haraka, muda hautoshi. Akasema anafanya haraka, na akaendelea vile vile.

Kufikia saa saba uso ulikuwa umekwisha. Vipande vilidondoka mezani, shavu, paji, kitambaa cha kichwa, na vikawa tena masalia ya kawaida ya fundi cherehani. Saa nane gauni likaanguka. Sindano alijaribu kurudishia kwa mshono wa kawaida usio na herufi, yeye mwenyewe, maana hapo mama haruhusiwi kumsaidia na nilikuwepo kuhakikisha. Mama alikaa na mikono mapajani akimtazama mwanawe akikosea mambo ambayo yeye angeyamaliza kwa dakika mbili. Lakini kitambaa kilikuwa kimetobolewa mno. Palipopita sindano mara ya pili, palichanika. Ilipofika saa tisa na nusu alikuwa amefaulu kurudisha mkono mmoja, wa kulia, umeshika hewa. Kilichobaki ni kitambaa chenye matundu na mhuri.

Msimamizi alifika saa kumi kamili. Ni kijana mpole, tai imekaa sawa, salamu zake za kutosha watu wote chumbani. Alivitandaza vitambaa vyote saba, akavigeuza mbele na nyuma, akavisogeza dirishani aone kama kuna jina. Cha Sindano alikichunguza zaidi kwa sababu ya matundu. Akauliza kama kazi imekamilika.

"Imekamilika," Sindano akasema.

Msimamizi akasema safi, akaandika kwenye fomu yake kwamba kazi saba zimepokelewa na hakuna kasoro. Akatushukuru kwa ushirikiano. Mama akakusanya vile vipande, akavitia kwenye mfuko pamoja na nyembe, wakaondoka yeye na mwanawe. Mimi nilibaki kufagia nyuzi. Zilikuwa nyingi, nikazitia kwenye ndoo, halafu nikashindwa kuzimwaga. Bado zipo kabatini.

Jumatatu nilipangiwa kusimama mlangoni. Watahiniwa walikuwa wameshaingia, ukumbi kimya, kuta nyeupe kama za wodi. Nikamwona mama yake Sindano anakuja kutoka getini na gauni lake la kazi, chaki bado vidoleni. Alisema hakuja kusumbua, amepita tu kuona mwanawe amekaa wapi. Mlangoni palibandikwa orodha ya viti. Alisogea karibu, akaweka kidole juu kabisa ya karatasi, akaanza kushuka nacho polepole, mstari kwa mstari, kama alivyofanya Ijumaa. Alifika chini. Akarudi juu, akashuka tena.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, asiwasumbue walio ndani. "Mwanangu hayumo."

Nikamwambia yumo. Nikamwonyesha mstari wa katikati, namba arobaini na saba. Akaiwekea kidole.

"Namba nazijua," akasema. "Ya kiuno naijua, ya bega naijua. Hii ni ya nini?"

Hapo ndipo ningemwambia ukweli. Tulikuwa wawili tu, na bahasha ilikuwa mkobani mwangu, nilikuwa nimetembea nayo siku tatu kwa kusudi hilo. Nikamwambia ni utaratibu wa mitihani tu, mama, usiwe na wasiwasi.

Akanishukuru. Akasema kama si mimi, mwanawe asingefika hata hapo, na akaniomba nimwangalizie. Kengele ikalia, nikafunga mlango.