Barza ya Papa Salomon

Karatasi ya kodi ya nyumba ilipofika kwa Mama Constance, mtu mmoja tu aliifurahia, naye hakuwa na macho ya kuisoma. Papa Salomon, mume wake, alimwomba amsomee tena pale palipoandikwa "vila", kisha akacheka peke yake. Mtu aliyejenga Jumapili kwa Jumapili, kwa mshahara wa reli, leo serikali yenyewe inamwita mwenye vila!

Vila ilikuwa ya kwenye karatasi tu. Biro, ile ofisi ya kodi, ilifuata maelezo ambayo Papa Salomon mwenyewe aliyatoa zamani: nyumba ya matofali ya kuchoma, na mbele yake barza, veranda ya nguzo nne inayotazama ziwa. Kumtoza kodi ya vila mtu anayeishi kwa pensheni, tena pensheni inayokuja ikipenda, ni kumfukuza kwa adabu. Wasipolipa, nyumba itatiwa kufuli. Ilibidi wapinge, na kupinga maana yake mpimaji aje ajionee.

Hapo ndipo Mama Constance alipokosa raha. Ziwa lilipopanda, maji yalikula barza yote. Mzee, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuzimika, alikuwa amelazwa hospitali. Aliporudi, mifupa mitupu, swali lake la kwanza lilikuwa barza. Mke wake akasema ipo. Nani angemlaumu? Tangu hapo kila jioni alimshika mkono, akamzungusha kidogo ili njia iwe ndefu, akamkalisha nyuma ya jiko, na mzee akavuta upepo wa ziwa akaridhika. Akitaka kushika nguzo, anaambiwa rangi bado mbichi. Rangi gani hiyo isiyokauka mwaka mzima! Lakini mzee alimwamini.

Siku ya mpimaji, mama alipanga mzee apelekwe kanisani. Biro ikakataa: kiwanja kimeandikwa jina la Papa Salomon, ni yeye atakayetia sahihi. Basi Prospère, mpimaji, alimkuta mzee sebuleni, amevaa koti lake la harusi, amelifunga vifungo vyote.

"Mwanangu, anzia kwa barza," mzee akasema. "Pima barza kwanza."

Prospère aliutazama mlango wa mbele, uliopigiliwa mbao, kisha akamtazama mama, aliyekuwa ameweka kidole mdomoni. Kijana hakuwa mtu mbaya. Alimvuta kando, akanong'ona.

"Mama, miye naweza nyamaza. Lakini nikinyamaza, vila inabakia vila. Na Papa njo atasinye, lazima nimusomee yote yenye nimeandika."

Mama Constance alilitazama lile koti, na roho ikamuuma sana. Akinyamaza, watatolewa nje wote wawili, na kipofu huyu atampeleka wapi?

"Papa," akasema kwa sauti, "barza haiko. Maji iliibeba."

"Lini?"

"Wakati ulikuwa hospitali."

Mzee alifungua kifungo cha juu cha koti lake.

"Na pale unanikalishaka kila mangaribi, ni wapi?"

"Nyuma ya jiko, Papa."

Prospère alipima haraka haraka bila kuinua macho. Akasoma alichoandika: nyumba ya kawaida, iliyoharibika upande wa mbele. Papa Salomon akatia sahihi pale mkono wake ulipowekwa. Kodi ikashuka hadi kiasi wanachoweza kulipa, na nyumba ikapona. Hakuna aliyeshangilia.

Mpimaji alipoondoka, Mama Constance alipiga magoti mbele ya mume wake, akamwomba msamaha. Mzee akasema hana hasira, na kweli hakuonekana kuwa nayo. Alikuwa anawaza.

"Ruffin," akasema. Huyo ndiye mtoto wao wa kwanza, mwalimu huko Kongolo, ambaye hajafika nyumbani siku nyingi, na salamu zake huja kwa midomo ya watu wa treni. "Ruffin yuko muzima?"

"Yuko muzima, Papa. Juzi tu alikutumia salamu."

Ilikuwa kweli tupu. Papa Salomon alipapasa hewani mpaka akalipata bega la mke wake, akalishika taratibu, kama mtu anayetoa pole.

"Aksanti, Mama. Usilie tena," akasema. "Sasa uniambie. Alikufa lini?"