Karoni Mwenye Uso wa Mkaa

Aristila aliingia karakana ya mfinyanzi Hegias bila kupiga hodi, akasimama katikati ya mitungi mibichi kama mtu aliyesahau alichokifuata. Hegias alimjua vizuri. Mwanamke huyo aliuza tepe za makaburini nje ya lango la Athene, na kila aliyenunua chupa ya mafuta ya marehemu kwa Hegias alipita kwake kununua utepe wa kuifungia. Walizoea kutaniana kwamba wao wawili wanakula vilio vya watu. Leo hakuna aliyetania. Aristila alikuwa amekata nywele zake zote, na Hegias alikwisha kusikia kuwa homa imemchukua Mirto, mwanawe wa pekee.

"Pole, Mama Mirto. Pole sana."

"Nataka chupa. Ile nyeupe. Mchore Karoni akimpokea mwanangu."

"Nitaichora mwenyewe. Simwachii mtu."

"Sijamaliza. Karoni wako simtaki."

Hegias aliinua uso. Tusimfichie, alikuwa na kiburi cha mkono wake. Karoni wake, mvusha wafu mtoni mwenye pua ya ndoana na ndevu za kuchongoka, alisifiwa mtaa mzima wa wafinyanzi, na wapo waliojaribu kumwiga wakashindwa.

"Karoni wangu ana nini?"

"Anatisha! Mirto anaogopa wageni, Hegias, si unamjua? Akiona uso asioujua analia mpaka sauti inamkauka. Sasa afike mtoni peke yake, kiza kitupu, halafu akutane na hilo dubwana lako? Hatapanda. Atabaki palepale ukingoni analia, na mimi sipo." Akamsogelea Hegias. "Mchore mtu asiyemwogopa."

"Dada yangu, Karoni ni Karoni. Watu watamtambuaje?"

"Kwani wanaosafiri ni watu? Anayesafiri ni mwanangu."

Hegias akauliza taratibu, "Haya, nani ambaye hamwogopi?"

"Mimi," alisema Aristila. "Na Lakrates wa mkaa."

Hegias nusura acheke, akaona aibu. Lakrates alikuwa mchoma mkaa wa milima ya Akarnai. Alishuka mjini na punda wake, uso mweusi tii, macho mekundu kwa moshi, na hata salamu zake zilisikika kama ugomvi. Akina mama wa mtaani waliwanyamazisha watoto kwa jina lake. Na huyohuyo ndiye ambaye Mirto alikuwa akimkimbilia.

Hegias alijaribu kumchora Lakrates kwa kumbukumbu. Lakini mkono ulikwisha kuzoea njia yake. Kila alipofika kwenye pua, ndoana ikatokea. Akafuta. Akachora tena, ndoana ileile. Alijikuta anautukana mkono wake mwenyewe, ule aliokuwa akijivunia, na moyo ulimuuma kwa sababu alimwona Mirto amesimama ukingoni vilevile alivyoelezwa.

Alikuwa bado anafuta aliposikia kelele nje.

"Wewe mpaka rangi! Toka upokee mkaa wako! Au unangoja nikuletee kitandani?"

"Lakrates, ingia. Kaa kwenye kigoda hicho. Nataka kuchora uso wako."

"Uso wangu? Wazuri wamekuishia?" Lakrates aliingia akifuta ndevu, na ilionekana wazi amefurahi. "Unanichora nani? Herakle? Maana mabega ninayo."

"Karoni."

Lakrates aliruka kutoka kwenye kigoda, akajitemea mate kifuani kuondoa nuksi. "Mshenzi mkubwa! Unanipandisha mtumbwi wa wafu na mimi bado napumua? Kamchore baba yako!"

"Ni kwa ajili ya mtoto."

"Hata awe mtoto wa mfalme wa Waajemi!"

"Ni Mirto, Lakrates. Mirto wa Aristila."

Mchoma mkaa alikuwa milimani siku zote hizo akilinda tanuri lake la mkaa, na hakuna aliyempelekea habari. Aliingiza mkono ndani ya nguo, akatoa tunda la msonobari, kubwa, mbegu zikiwa bado zimo ndani, akaliangalia.

"Nilikuwa nampelekea hili," alisema. Kisha akakaa tena kwenye kigoda bila kuambiwa.

Hegias alimsogezea beseni la maji na kitambaa. Lakrates alilisukuma kando.

"Usininawishe. Hajawahi kuniona nikiwa nimenawa."

"Sawa. Basi nyoosha mkono, kama unamkaribisha."

"Mkono hapana. Ukimnyooshea mkono anarudi nyuma. Unachuchumaa, hivi, unaangalia pembeni kama vile humwoni. Anakuja mwenyewe."

Akachuchumaa sakafuni, jitu zima, mti wa kukorogea udongo ukiwa magotini mwake badala ya upondo wa mtumbwi, akaangalia pembeni. Hegias alichora. Safari hii pua ilikuja bapa, na mkono wake ukatii kila mstari kama mkono wa mwanafunzi.

Chupa ilitoka tanurini salama. Aristila alipokuja kuichukua, Lakrates alikuwa mlangoni, amejibanza, haingii wala haondoki. Mama wa watu aliishika chupa kwa mikono miwili. Alimtazama mtoto aliyesimama ukingoni, kisha yule mtu aliyechuchumaa mtumbwini. Akagusa ile pua kwa kidole.

"Ndiye," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uso wake ulilegea. Halafu akakunja paji. "Na Jivu yuko wapi?"

"Jivu ndiye nani?"

"Punda," alisema Lakrates kule mlangoni, sauti yake ndogo. "Anamuulizia punda wangu. Mirto hakuwa anakwenda popote bila punda."

Hegias aliweka brashi chini. "Mama Mirto, nisikilize. Tangu watu waanze kuchora, hakuna aliyempakia punda kwenye mtumbwi wa Karoni. Mtaa mzima utanicheka, na wacha wacheke, hilo nimelikubali. Lakini chupa imekwisha kupita motoni. Nitakachoongeza sasa ni rangi tupu ya juu juu, haishiki. Umande na mvua za makaburini zitaifuta. Haifiki hata mavuno."

Aristila hakuiachia chupa.

"Huo mto una upana gani?" aliuliza.

Hegias alimtazama Lakrates. Lakrates akatazama chini. Hakuna aliyejua.

"Basi ishike mpaka ng'ambo tu," alisema Aristila. "Akishafika, ifutike."

Hegias akachukua rangi ya kijivu, akaanza na masikio.