Mifuko Minne ya Majani

Saa moja na robo asubuhi, maji ya kijito nyuma ya nyumba yalikuwa yameshuka, na mifuko minne ya majani haikuwa mahali pake. Mvua ya usiku ilikuwa imeondoka nayo, pamoja na tawi ilikofungwa.

Mtafiti alisimama ukingoni na viatu vyake vya mpira, akatazama tena. Mwaka mzima alikuwa akipima jinsi majani ya miti yanavyokusanyika kijitoni na kuoza: yanaanguka majini, yananasa kwenye mawe na mizizi, ukungu unayalainisha, wadudu wanayala. Alikuwa ameyatia majani kwenye mifuko na kuifunga kijitoni, na kila baada ya wiki kadhaa alitoa michache, akaipima. Minne hii ilikuwa ya mwisho. Bila hiyo, shahada yake ingengoja mwaka mwingine.

Wifi yake, mke wa kaka yake, alitoka chumba cha kushonea, sindano zimechomekwa kifuani mwa gauni. Ndiye aliyeishona mifuko hiyo kwa vipande vya chandarua.

"Ulifunga kwenye nini, wifi?"

"Tawi. Lilikuwa limekwama vizuri."

"Bichi?"

"Kavu."

"Kavu au bovu?"

"Bovu kidogo."

Wifi alishika mlango kwa kicheko. "Mtaalamu wa kuoza! Unasomea kuoza, unaota kuoza, halafu unafunga mali yako kwenye tawi linalooza!"

Ilikuwa kweli. Mtafiti alijaza majani yaliyolowa kwenye mfuko wa akiba, akaufunga utepe mwekundu, akauachia majini. Jani kavu huelea likaenda mbali. Lililolowa huzama, likabiringika chini hadi likwame. Mfuko huu, kwa kuwa majani yake yamelowa, ungepita njia ile ile ya wenzake.

Waliufuata, kila mmoja ukingo wake. Ulijibanza nyuma ya jiwe, ukazunguka, ukaendelea. Nyuma ya duka la kinyozi, kinyozi mwenyewe alichungulia na mashine ya kunyolea mkononi.

"Jamani, mmepoteza nini?"

"Majani!" wifi alipaza sauti.

"Majani? Si yamejaa hapa mlangoni kwangu! Chukueni, na ufagio nawapa."

"Hayo hayajasoma, shemeji. Yetu yana mwaka chuoni!"

Chini ya daraja la miguu mfuko uliingia kwenye lundo, haukutoka. Kitanda cha chuma kilichotupwa kilikuwa kimekingama kijito. Matawi yalinasa kwenye chuma, majani kwenye matawi, matope kwenye majani, hadi ukuta ukafika magotini. Mtafiti alifurahi kabla hajaona mfuko hata mmoja. Alikuwa ameandika sura nzima juu ya kitu kama hicho.

"Usivute," alisema. "Tunabandua kutoka juu, kama kurasa zilizolowa."

Wifi alipandisha gauni, akaingia. Tawi ndilo lililoonekana kwanza, na mifuko mitatu, mishono yote imeshika.

"Kazi ya nani hiyo?"

"Yako, wifi."

"Sema kwa sauti, kinyozi asikie."

"Yako, wifi!"

Wa nne haukuwapo. Tabaka lililofuata lilikuwa jeusi na laini, na humo pia haukuwamo. Wifi aliinama, akapitisha mkono hadi begani chini ya kitanda. Alipapasa huku na huku. Kisha akautoa mkono, na mfuko.

Juu ya chandarua alitambaa buu mdogo, amejivika vipande viwili vya jani vilivyounganishwa pembeni.

"Huyu kajishonea?"

"Kajishonea. Hukata jani, akaliunga kwa uzi anaoutoa mdomoni."

"Bila futi, bila mkasi!" Wifi alisogeza jicho karibu, akakagua mshono. "Na nguo imemkaa. Mwambie aje Jumatatu, nina sare za shule zimenishinda."

Mtafiti alicheka hadi akateleza, akakaa majini, viatu vikajaa. Alichunguza mfuko kona hadi kona. Ulikuwa mzima. Akampa wifi, naye akautia kwenye ndoo pamoja na mingine mitatu.