Pua za Kuazima

Ulimwona, usijifanye hukumwona. Ulisimama mbele ya kaunta yake, ukamwuliza ipi nzuri kwa bei ya mtu wa kawaida, akakujibu kwa utulivu, na muda wote huo macho yako yalikuwa kwenye simu. Ukabeba chupa, ukaenda zako. Wageni wako walipoonja wakakusifu, "Aisee, wewe mvinyo unaujua!" nawe ukatabasamu kana kwamba ulizaliwa katikati ya mizabibu. Hukumtaja. Hujamtaja hadi leo.

Basi leo utamtazama, upende usipende.

Ni Jumamosi mchana, chumba cha nyuma cha duka la vinywaji, baina ya friji inayonguruma na makreti ya chupa tupu. Mwanamke wa makamo, aproni ya kijani, miwani ikining'inia shingoni kwa kamba, anazivisha chupa soksi. Soksi hasa, zile ndefu za wacheza mpira. Moja nyekundu, moja ya kijivu. Anaivuta soksi hadi kwenye shingo ya chupa, anaifunga kwa uzi, kisha anaipigapiga mgongoni kama mtoto aliyekwisha kunyonya. Anafanya hivyo ili wanafunzi wake wasione lebo. Mtu akishaisoma lebo, yeye husema, ulimi wake unaanza kujipendekeza kwa mwenye lebo.

Wanamwita Bi Pua. Wateja ndio waliompa jina hilo, maana alikuwa akijua bia iliyoachwa juani kabla haijafika mdomoni, na mvinyo uliokaribia kuwa siki kabla mwenyewe hajaujua. Na leo, Jumamosi hii unayomtazama, Bi Pua hasikii harufu ya kitu chochote.

Mafua yalimjia mvua zilipoanza. Yalimlaza, yakamwachia, yakaondoka na harufu zote kama mpangaji anayehama na balbu. Aligundua kwa maharage. Alikuwa sebuleni akishona kifungo, bintiye akaingia mbio huku akikohoa.

"Mama! Sufuria imekuwa mkaa! Hukusikia harufu?"

"Nilisinzia, mwanangu."

Hakusinzia hata kidogo. Bintiye alipotoka, alikwenda jikoni akafungua kila kopo. Kahawa ilikuwa vumbi la kahawia. Sabuni ilikuwa kipande cha kitu. Kitunguu kilimtoa machozi bila kumwambia neno. Daktari akammulika tochi puani, akasema huenda ikarudi, huenda isirudi, avute subira. Bi Pua akashukuru, akatoka, akasimama kwenye ngazi za hospitali akijiuliza atavuta subira huku akila nini.

Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani, ungekuwa wewe? Fundi wa saa aliyepofuka humwambia nani?

Sasa Bosi Mdogo amesimama mlangoni. Wanamwita hivyo kwa sababu Bosi Mkubwa alikuwa baba yake, Mungu amrehemu, na kwa sababu Bi Pua alimjua tangu akikalia makreti haya haya akinyonya soda kwa mrija. Si mtu mbaya. Ana wasiwasi tu, na wasiwasi humfanya aongee kama tangazo.

"Mama, leo nataka jibu. Nyekundu au kijivu. Ndiyo itakayokaa kwenye rafu yako mwaka mzima."

Rafu yake. Iko chini kidogo ya usawa wa kifua, mahali ambapo maduka mengine huweka vitu vya kushika vumbi. Hapo Bi Pua hupanga chupa za bei nafuu alizozionja na kuzikubali mwenyewe, na mafundi, makarani na wauguzi huziendea moja kwa moja bila kuuliza.

"Tukikosea?" aliuliza Bi Pua.

"Tukikosea mzigo wote utanikalia. Basi darasa tufunge, hapa niongeze friji."

"Na mimi?"

"Tutaona, Mama."

Tutaona! Waulize watu waliofanya kazi maisha yao yote kama kuna neno wanalolijua zaidi ya hilo.

Na kwa kuwa hupendi kukumbushwa, utakumbushwa. Kabla ya duka hili, Bi Pua alikuwa muosha glasi katika hoteli kubwa. Sheria ya pale ilikuwa fupi: kumimina ruhusa, kuonja unafukuzwa. Watu waliobeba mvinyo mikononi mwao ujana wao wote walizeeka bila kuujua. Bi Pua alijifunza kwa masalia. Glasi ziliporudi kutoka ukumbini alizinusa moja moja kabla ya kuzitia majini, akakisia, kisha akaenda kuchungulia chupa ipi ilifunguliwa. Waliokunywa humo hawakuwahi kumuuliza jina. Baadhi yao bado wapo, na bado wanakunywa.

Ndiyo maana alipopata chumba hiki cha nyuma alikifungua kwa yeyote, bila kiingilio, hata aliyekuja na mafuta ya gari kwenye kucha. Akawafundisha yale ambayo watu huyauza. Chupa nzito kama nyundo, umenunua kioo. Bia ya chupa nyeupe iliyokaa dirishani, iache, jua limeiharibu na itanuka vibaya. Chagua chupa ya rangi ya kahawia, na uisome tarehe, maana bia nyingi haziongezeki utamu kwa kukaa. Mfuniko wa kuzungusha usiudharau, mvinyo wa kunywa mwaka huu hauhitaji kizibo. Na bonde la mizabibu ambalo hujawahi kulisikia ndilo la kujaribu, kwa sababu lile maarufu umaarufu wake utaulipia wewe.

Wanafunzi wakaanza kuingia. Mbele fundi cherehani, futi ya kupimia ikiwa bado shingoni. Nyuma yake muuguzi aliyetoka zamu, viatu mkononi. Kisha fundi magari, ambaye hajawahi kuingia mahali kimya kimya.

"Shikamoo, Bi Pua! Leo tunalewa?"

"Marahaba. Leo mnatema." Akaionyesha ndoo.

"Kutema mvinyo? Dini hiyo bado sijaingia."

Wakacheka, wakaketi. Bi Pua alimimina nyekundu, akamimina kijivu, kila mtu glasi mbili mbele yake. Halafu wakamngoja. Ndio ulikuwa utaratibu: yeye hunusa kwanza, hutupa neno moja, na darasa hulidaka.

Akainua nyekundu. Akaingiza pua yote ndani ya glasi. Akavuta hewa, ikaja hewa.

Akaonja. Ulimi ulimpa uchachu kidogo, na ule ukakasi wa ndizi mbichi unaokausha ufizi. Akaonja kijivu. Uchachu, ukakasi. Ilikuwa kama kuonyeshwa nguzo za nyumba mbili ambazo hazijajengwa kuta na kuulizwa ipi ina watu wema.

Maneno alikuwa nayo. Hilo lijue. Angeweza kusema lolote, na wangelidaka lolote, kwa sababu walimwamini. Bosi Mdogo alikuwa ameegemea mlango akingoja, kidole juu ya simu ya kuagizia mzigo.

"Hii nyekundu," alianza, "ina..."

Akaiweka glasi chini.

"Sisikii kitu."

"Haina harufu?" fundi cherehani aliuliza.

"Mvinyo unayo, mwanangu. Mimi ndiye sina."

Friji ilinguruma. Muuguzi aliweka viatu vyake sakafuni taratibu, kama mtu aliye wodini.

"Tangu lini?" Bosi Mdogo aliuliza.

"Tangu mvua."

"Na ile bia ya ngano uliyoniambia niagize?"

"Nilitazama povu, nikasoma tarehe, nikamwomba Mungu."

"Iliisha yote ile," alisema Bosi Mdogo, kama anayejisemea mwenyewe, na fundi magari akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akapaliwa.

Bi Pua hakucheka. Aliishika miwani, akaifuta kwa aproni, akaivaa. "Basi leo mtanusa nyinyi. Msiniambie mnachodhani nataka kusikia. Niambieni kilichomo."

Fundi cherehani akasema: "Mimi matunda yanayoandikwa kwenye lebo hata sijawahi kuyaona."

"Kwani nimekuuliza matunda? Mikono yako inashika nini kutwa?"

"Nguo."

"Niambie nguo."

Fundi cherehani akanusa nyekundu, akafumba jicho moja kama anayetunga uzi. "Hii satini. Inang'aa, inateleza. Ya sherehe." Akanusa kijivu. "Na hii... pamba. Imefuliwa mara nyingi, imekuwa laini."

"Endelea hivyo hivyo. Wewe?"

Fundi magari alikuwa ameinamia glasi kama anayesikiliza injini. "Kijivu inanikumbusha gereji asubuhi, kabla hatujawasha kitu. Ngozi ya viti. Na pera. Kweli tena, pera lililoiva mtu akalisahau ndani ya gari."

"Pera la jana au la juzi?"

"La juzi, lakini halijaoza."

"Alhamdulillahi. Muuguzi?"

"Nyekundu ni jamu," alisema muuguzi. "Jamu na mbao mpya. Inaniita kwa sauti kubwa. Mgeni akija, hii utaitoa kwa kujidai."

Mabishano yakaanza. Fundi cherehani alisema nyekundu ina heshima zake. Fundi magari alisema mwenye heshima ni mkwe, yeye anataka kinywaji, lakini naye mwishowe akakiri kwamba nyekundu ina nguvu, inajaa mdomoni. Hata Bosi Mdogo alisogea, akajimiminia, akaingia kwenye ubishi kama mwanafunzi. Walibisha huku wanaonja, wakaonja huku wanabisha, na kila mmoja, kwa njia yake, akaipa kura nyekundu.

"Basi nyekundu," alisema Bosi Mdogo, akaitoa simu.

"Ngoja kwanza."

Muda wote huo Bi Pua alikuwa amekaa tu, mikono mapajani, akiitazama meza. Pua haikuwepo, lakini macho nani alimnyang'anya? Alisimama, akaiinamisha nyekundu juu ya glasi, ikatoka kwa mkondo, nusu glasi bila taabu. Akaiinamisha ya kijivu. Likatoka tone. Akaitikisa. Basi.

"Vinywa vyenu vinasifu nyekundu," alisema. "Mikono yenu ilikuwa inakwenda kwingine. Bosi, glasi yako hiyo ina nini?"

Bosi Mdogo akatazama mkono wake kama vile ni wa mtu mwingine. "Kijivu."

Hapo hata muuguzi alipiga meza kwa kicheko.

Bi Pua akazivua soksi. Kwenye nyekundu ikatoka chupa nene, maandishi ya dhahabu, kitako kimebonyea kiasi cha kuingiza ngumi. Kwenye kijivu chupa nyepesi, ya mfuniko wa kuzungusha, na jina la bonde ambalo hakuna aliyeweza kulitamka. Bei yake haikufika nusu ya bei ya mwenzake.

"Hii itoe kwa wapiga picha," Bi Pua alisema akiigusa ile nene. "Hii ndiyo watu watakayoirudia."

Bosi Mdogo akaagiza kijivu hapo hapo, mbele yao. Kisha akabaki amesimama, simu mkononi, na akauliza lile ambalo kila mtu alijua litaulizwa. Aliliuliza kwa upole, hilo asifiwe. "Lakini Mama, mwakani? Mtu atachaguaje bila harufu?"

"Kwani sisi tumekufa?" alisema muuguzi.

"Tulia, mwanangu, ana haki ya kuuliza," Bi Pua alimzuia.

"Sitatulia." Muuguzi akasimama, miguu mitupu sakafuni. "Nilikuwa nikitoka zamu nakunywa ili nisiwepo. Chochote. Mama huyu akanikalisha na bia moja, akaniuliza inanuka nini. Nikamwambia bia. Akasema nusa tena. Ikapita saa nzima na chupa haijaisha, nami bado nipo. Nimekaa vizuri na watoto wangu tangu siku hiyo. Leo anahitaji pua, na mimi ninayo. Nichukuliwe."

"Mimi Jumatano napita huku," alisema fundi magari, safari hii bila mzaha.

"Ijumaa nafunga mapema," alisema fundi cherehani.

Bi Pua alishika kitambaa akaanza kufuta glasi iliyokuwa safi. Aliifuta ndani, akaifuta nje, akaifuta tena kitako. "Asanteni," alisema. "Asanteni, jamani."

"Friji mpya nitaziweka pale penye makreti," alisema Bosi Mdogo akitazama ukuta. "Tuanze hivyo. Msimu ukiisha tutazungumza." Akatoka, na mlangoni wakamwona akipitisha mkono machoni.

Muuguzi akafungua bia ya kahawia, akaimimina polepole, akaileta hadi usoni kwa Bi Pua.

"Mkate," alisema. "Umetolewa motoni sasa hivi. Upande mmoja umeungua kidogo."

"Upi? Wa chini?"

"Wa chini. Na mbali kabisa kuna asali, lakini imefunikwa."

Bi Pua alifumba macho. Povu lilimgusa ncha ya pua, hakulifuta. Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayesomewa salamu kutoka kwa ndugu aliye safarini, na kila muuguzi aliponyamaza, alimwambia, "Enhe. Endelea."

Na wewe bado umekaa. Ile chupa uliyoinywa ukasifiwa, ilikuwa na harufu gani? Unaikumbuka. Duka halijafungwa, naye yuko kaunta, hajui alikuuzia nini hasa, maana alikuuzia baada ya mvua kuanza, anangoja mtu amwambie. Acha simu. Inuka, nenda sasa hivi, simama mbele yake, mtazame usoni, umwambie.