Giza Kwenye Pembe za Picha

Shangazi aliingia studio bila hodi, akaibwaga picha ya arusi mezani kama mtu anayetupa karata yake ya mwisho.

"Niangalie mimi," alimwambia mpiga picha. "Halafu angalia hiyo."

Ilikuwa picha ya ukoo mzima. Bibi arusi, binti wa kaka yake, alikuwa katikati anang'aa. Lakini mwisho wa mstari wa nyuma, kwenye pembe ya juu, palisimama mtu ambaye kichwa chake kilikuwa kimemezwa na giza, kikabaki kiwiliwili na mkoba.

"Huyo ni mimi. Mkoba nimeutambua. Sasa sema, wifi yangu alikupa nini?"

"Mama wa bibi arusi? Hakunipa kitu, shangazi."

"Nani alikuwa akiniambia sogea kidogo, sogea tena? Yeye! Nikasogea mpaka nikafika gizani. Mchana kweupe, mwanangu, giza limetoka wapi?"

Mpiga picha aliigeuza picha huku na huku, na hilo lilimtia Shangazi wasiwasi zaidi. Alikuwa amekwisha apa moyoni: ikithibitika ni njama ya wifi, mlango wa kaka yake hatauvuka tena. Na ndugu wa tumbo moja alibakiwa na huyo mmoja tu.

"Labda ni kamera," kijana alisema. "Nimebadilisha juzi. Hii sehemu yake ya ndani ya kunasa picha ni kubwa, wanaiita fulu fremu."

"Kamera mpya, na tabia mpya."

Kijana akafungua kompyuta. Giza lilikuwemo humo humo, kwa hiyo mashine ya kuchapa haikuwa na kosa. Akapiga picha ya ukuta mweupe: pembe zote nne nyeusi. Akavua kikinga jua cha lenzi, akapiga tena. Bado. Akafungua kile kioo chembamba cha kuzuia vumbi, akapiga. Bado. Shangazi alivuta kiti karibu, asije akachezewa kiini macho.

"Lenzi uliinunua na kamera?"

"Hapana, ni ile ile ya kamera yangu ya zamani..." Akajipiga kofi kwenye paji la uso. Akatoa lenzi nyingine kabatini, akaifunga, akapiga ukuta. Mweupe pe, hadi pembeni.

"Nini?" Shangazi alisema. "Mbona unacheka peke yako?"

Kijana akachukua kisosi cha chai, akakiweka juu ya bahasha ndogo. Kikaifunika yote. Akakihamishia juu ya picha ya arusi. Pembe nne zikabaki nje.

"Lenzi inamwaga mwanga wa mviringo, kama hiki kisosi. Kamera ya zamani ndani ilikuwa ndogo kama bahasha, mwanga ulitosha. Hii mpya ni pana. Pembeni mwanga haufiki. Na pembe ya pili ya juu, unamwona huyu? Ni kaka wa wifi yako. Naye hana kichwa."

Shangazi akaivuta picha, akaisogeza puani.

"Au mlimtoa kafara ili nisishtuke."

"Shangazi!"

"Nauliza tu."

Kijana akaahidi kuirudia picha bure, nyumbani kwa kaka, Jumapili. Shangazi akaenda, ila shingo upande, akimkagua wifi tangu ukucha mpaka kilemba.

Habari za pembe zilikuwa zimeenea. Kila mtu alijibana katikati, hakuna aliyetaka kusimama mwisho. Kaka wa wifi alikataa katakata. Kijana aliapa kwamba lenzi ni nyingine, wapi! Shangazi yeye alikuwa amekwisha kamata nafasi nyuma ya bibi arusi, kaweka miguu chini kama nguzo.

Ndipo wifi akatoka mbele, akaenda kusimama pembeni kabisa, pale pale pa Shangazi.

Shangazi akamtazama. Mbona anapakimbilia? Kuna nini kule? Akangoja wifi ageuke amchekee mtu, akonyeze, afanye chochote. Wifi alikuwa akirekebisha khanga tu, peke yake, uso umemshuka.

Shangazi akapasua mstari, akamfuata.

"Rudi katikati, shangazi!" kijana alipiga kelele. "Nafasi yako nzuri!"

"Piga picha wewe."

"Umefuata nini huku, wifi?" mwenzake alinong'ona.

"Nimekuja kukuchunga," Shangazi akasema, akamshika mkono kwa nguvu. "Sogea kidogo."