Ukungu kwenye Vioo

Effie Lumsden alikuwa fundi wa maabara huko Dundee mwaka 1961, mjane wa miaka hamsini na mitatu. Alichovya vioo vyenye seli kwenye dawa ya filamu, gizani, kisha akavifungia ndani ya kisanduku kikavu kwenye friji. Seli zilikuwa zimelishwa kitu chenye mionzi. Baada ya majuma manne kioo kikisafishwa kama picha, vinukta vyeusi vilipaswa kuonekana juu ya viini vya seli tu, na kwingine kote kubaki peupe.

Lakini vinukta vilitapakaa kila mahali. Dakta Petrie, kijana aliyeanza kazi msimu ule, aliinua uso kwenye darubini.

"Mama Lumsden, hiki kioo au supu ya dengu?"

"Usinitanie, Daktari. Ni miezi mitatu sasa vinatoka hivi."

Wakakagua. Dawa ilikuwa mpya. Taa nyekundu ilikuwa mbali. Chembe za kunyonya unyevu zilikuwa bado za buluu, yaani kavu. Mwishowe Petrie akaomba aingie naye chumba cha giza amtazame akifanya kazi. Wakazima taa, wakasubiri macho yazoee.

"Hicho kinachong'aa nini?"

"Saa." Akaivutia mkono wa sweta. "Ya Wullie."

Wullie, mumewe, alikuwa amefariki Februari.

"Mama, namba zake zimepakwa radiamu, nayo inatoa mionzi. Mkono huo unapita juu ya kila kioo."

"Najua ina radiamu. Nilidhani mkono wa sweta unatosha."

Aliijua kazi hiyo kwa miaka kumi na sita. Angemfokea msichana yeyote aliyeingia na saa ya namna ile. Ila mle ndani alikuwa akikaa muda mrefu peke yake, na milio midogo ya saa ile ilimliwaza.

"Basi nitaiacha kwenye kabati," alisema.

Petrie akamfungulia mlango.

Vioo vilivyofuata vilitoka safi. Petrie alipiga kelele za furaha, akamwita profesa wao, na wote wawili wakaondoka wakibishana kuhusu hesabu za seli. Effie akabaki. Akaketi kwenye kiti cha daktari, akarekebisha darubini. Kiini kimoja kilijaa vinukta, kile cha jirani hakikuwa na hata kimoja.

"Kimetoka vizuri," alisema kwa sauti.

Akangoja kidogo, kama mtu anayetarajia kujibiwa. Kisha akafunika darubini, akaenda kuosha vyombo vya dawa.